Zulia Lililonyweshwa Mvua Yake

Siku Lalla Tuda alipofagia mchanga chini ya kitanda chake cha kufumia mazulia, mumewe Lahsen alijua mkewe ameshaanza kufuma jangwa. Zulia hufumwa kutoka chini kwenda juu, na mama huyu alikuwa akifuma nchi nzima, kama alivyoagiza tajiri aitwaye Si Driss, mwenye mashamba ya matikiti juu ya bonde. Pampu za Si Driss ndizo zilizokausha kisima cha kijiji chao, Taznakht, lakini kazi ni kazi.

Baada ya mchanga zikatoka tende, Lahsen akazila. Tuda alipofika milima ya Atlas, theluji iliganda kwenye nyuzi, wakawa wanahifadhi siagi humo. Lahsen akapata mafua, akalalamika.

"Mzee wangu, ukiona baridi hamia kusini," Tuda alimwambia, akamwonyesha kwa mguu pa kukaa.

Akahamia. Alikaa chini ya zulia, magoti yakipata joto, akimtazama mkewe kwa mapenzi yaleyale ya siku ya harusi.

Ukanda wa juu kabisa, ule wa kaskazini karibu na bahari, ulinyesha mvua. Majirani walileta madumu, wakapanga foleni, wakaulizana hali. Mnanaa ukachipua tena uani. Tuda akaacha mstari mmoja bila kuumaliza, maana zulia lina uhai likiwa bado kwenye kitanda cha kufumia; likikatwa, hufa.

Si Driss akaja mwenyewe kulidai. Desturi ya wafumaji wa huko ni kulinyunyizia zulia maji kabla ya kulikata, kama anavyotiwa tone kinywani mtu anayekata roho. Nyumbani hamkuwa na maji mengine ila ya mvua ile. Tuda akalinyunyizia hayohayo, akalikata huku analia.

"Umelinywesha nini?" Lahsen aliuliza gari la Si Driss lilipoondoka na zulia.

"Maji yake."

"Basi halijafa, mke wangu."

Kweli halikufa. Si Driss alilitundika sebuleni kwake, mvua ikaendelea kunyesha, akachimba mfereji kutoka hapo mpaka kwenye matikiti. Kabla ya mavuno, dereva wake alileta kifurushi. Ndani mlikuwa na ukanda wa chini wa zulia, umekatwa kwa mkasi.

"Bwana anasema huu unamchafulia sakafu. Ni wenu."

Tuda alimshukuru, akalitandaza jangwa uani. Alikanda unga kwa maji ya dumu la mwisho, akaufukia katika mchanga wa moto mpaka ukaiva. Lahsen alisema hajawahi kula mkate mtamu kama ule, na wakaula bila chai.