Maziwa ya Wifi

Ndama alitoka akiwa mfu, mdogo kuliko paka, na kondo la nyuma likagoma kutoka. Mama mkwe, aliyesimama mlangoni mwa banda akiwa ameziba pua, alisema yale aliyosema kila mara: mkono wa mkwe wake ni mwembamba, auingize. Mkwe akapandisha mkono wa gauni hadi begani, akauingiza mtupu ndani ya Malkia, ng'ombe wao wa maziwa, akavuta kipande baada ya kipande huku damu ikimchuruzika hadi kiwikoni. Glavu alizoacha daktari wa mifugo zilikuwa zimekwisha. Mama mkwe alizitumia kupaka nywele zake rangi.

"Pole, mama yangu," mama mkwe akasema kwa sauti ya kubembeleza. Alikuwa akizungumza na ng'ombe.

Kwa mimba za Malkia alikuwa na huruma isiyo na mpaka. Ilipotoka ya kwanza, Malkia aliongezewa pumba; ilipotoka hii ya pili, alitandikiwa majani makavu na kukandwa mgongo. Mkwe naye alikuwa amepoteza mbili. Ya kwanza aliambiwa ajikaze, mambo hayo huwapata wengi. Ya pili, mama mkwe alimwuliza mwanawe, mbele ya mkewe, kama siku ile ya kuchagua mke alikuwa amefumba macho. Malkia, mimba ikae isikae, alijaza ndoo, na wateja walipanga foleni kwenye dirisha la jikoni. Mkwe hakuwa na ndoo ya kumtetea.

Wakati huo wifi alikuwa amerudi nyumbani kwa mama yake kulea mimba. Alikuwa binti pekee wa nyumba ile, na tumbo lake lilitembea mbele yake kama mgeni rasmi. Nguo za mtoto alizitandaza kitandani akizipanga na kuzipangua, lakini mkwe akiingia alizifunika shuka, zisije zikaingiwa na mkosi. Kila asubuhi alitaka kikombe cha maziwa yaliyotoka kwenye chuchu wakati huohuo, yenye joto la ng'ombe na povu juu. Wengine wote nyumbani walikunywa chai, na wateja walichemsha wenyewe makwao. Ila kwa binti yake, mama mkwe alishikilia kwamba maziwa yakiona moto yanakufa. Mkamuaji alikuwa mkwe, na mpeleka kikombe alikuwa yeye huyohuyo.

Daktari wa mifugo, mwanamke mwenye haraka na buti za mpira, aliitwa kwa ajili ya Malkia. Alichukua damu, na aliporudi na majibu hakutaka hata kukaa. Alimkuta mkwe bandani akiosha ndoo, akamweleza kwamba ni bakteria, na kwamba hao ni ukoo mzima: yupo wa mbuzi, yupo wa nguruwe, yupo wa ng'ombe. Huyu wa Malkia alikuwa wa ng'ombe, lakini hakuwa na ubaguzi. Hujificha kwenye kondo na kwenye maziwa, na akipata njia huhamia kwa binadamu. Kisha akauliza ni nani huvuta kondo pale nyumbani, na kwa kutumia nini.

Mkwe alimwonyesha mikono yake.

Daktari aliuliza kuhusu homa zinazokuja na kuondoka, jasho, maumivu ya viungo. Mkwe alikuwa nayo yote. Siku zote alidhani ni kazi. Swali la mwisho lilikuwa kama amewahi kutokwa na mimba, naye akainama tena kwenye ndoo iliyokwisha kutakata.

"Dada, siwezi kuapa kwamba bakteria huyu ndiye aliyeziharibu," daktari alisema. "Nenda hospitali wakupime, dawa zipo. Lakini usijilaumu tena."

Mama mkwe naye aliambiwa mlangoni: ng'ombe aondolewe, na maziwa yachemke mpaka yafurike, hasa ya mjamzito. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, akamsindikiza daktari hadi getini, akarudi na kusema hakuna aliyesikia kitu. Jioni ile maziwa yakauzwa kama kawaida.

Mkwe alilia kwa furaha kwamba kosa halikuwa lake, akiwa amejibanza nyuma ya banda. Tangu hapo alianza kuchemsha maziwa ya wifi kwa siri. Aliyapoza kwenye beseni la maji, akayamimina kutoka jagi hadi jagi mpaka yakatoa povu la kudanganyia. Wifi alilalamika kwamba maziwa siku hizi yamechuja, mkwe akavumilia. Mtoto aliyemo tumboni hakuwa amemkosea mtu.

Kisha mama mkwe akaja na hesabu zake mezani, wakati wa chakula.

"Daktari mwenyewe kasema ugonjwa unapita kwenye mikono," alisema. "Malkia wangu alikuwa mzima mpaka mkono wa huyu ulipoingia. Arudi kwao."

Mkwe alisema ni yeye mama aliyemwagiza auingize. Alisema ugonjwa ulitoka kwa ng'ombe ukaja kwake. Alisema wakamwulize daktari, na pia kwamba wifi asinywe maziwa mabichi. Wifi akaweka kijiko chini, akasema wivu ni ugonjwa mbaya kuliko huo wa ng'ombe. Basi mkwe akamgeukia mumewe.

Mumewe alitafuna kwa muda mrefu kitu kilichokuwa kimeshalainika.

"Mama, tusifanye haraka," akasema, na moyo wa mkewe ukaruka kwa shukrani. "Akiondoka sasa, nani atakamua? Na dada nani atamhudumia? Ajifungue kwanza, ndipo huyu aende kwao."

Wakakubaliana, wakapitishiana maji ya kunawa.

Asubuhi mkwe alikamua. Alipita jikoni, akalipita jiko bila kusimama, akaingia chumbani kwa wifi na jagi, na kikombe kinachotoa mvuke chenyewe, bila moto. Alingoja aone aibu. Alichokiona ni wepesi, kana kwamba homa imemtoka, na wepesi huo ukamtisha.

Wifi alikunywa hadi chini.

"Haya ndiyo maziwa," alisema akilamba povu mdomoni. "Siku zote hizi ulikuwa unanipa nini?"

"Yalikuwa yanapoa njiani."

Wifi akacheka, akanyoosha kikombe aongezewe. Mkwe akammiminia mpaka ukingoni. Pengine ni shibe, pengine ni usingizi uliomlainisha, lakini wifi alisogea kitandani akamwachia nafasi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Kaa, wifi yangu. Jana tulikusema vibaya," akasema. Akauchukua mkono wake, akauweka tumboni. "Anacheza. Ngoja, utamsikia."

Mkwe alingoja. Mtoto akapiga teke, akapiga tena, kwa nguvu.