Tanbihi ya Mama

Jana usiku niliota nimepeleka hadithi yangu kwenye ofisi ya jarida la Pingu Chini, linalokomboa fikra za Mwafrika mara nne kwa mwaka. Hadithi yenyewe nimeihangaikia miaka mitatu. Inamhusu mama yangu, muuza maandazi wa Mbeya, anayecheka mpaka majirani wanagonga ukuta.

Nafungua mlango wa nyumbani Mbeya, natokea kwenye uwanja wa ndege wa Ulaya. Ofisi iko hapohapo, nyuma ya mizigo. Mhariri ni muhuri wa mpira uliovaa shati la kitenge.

"Shikamoo, mzee."

"Hiyo tumeifuta," anajibu. "Tunasubiri barua kutoka ng'ambo ituambie tusalimianeje."

Anaisoma hadithi kwa kuilalia. "Nzuri. Lakini mama huyu hana tanbihi. Msomaji atamwelewaje?"

"Kwani msomaji wenu si Mwafrika?"

"Mwafrika tunamkomboa. Anayesoma ni mwingine."

Mama anaingia na beseni lake. "Tuntufye, mwanangu, umekula?"

Kabla sijajibu, Mhariri anamrukia na kumgonga kwenye paji la uso. Namba moja inabaki pale. Papo hapo, sakafuni chini ya miguu ya mama, maandishi madogo yanajitokeza: *1. Mama: mwanamke wa Kiafrika. Anateseka.*

Mama anainama, anasoma, anaangua kicheko. "Nateseka na nini tena, jamani?"

"Kicheko kinapingana na tanbihi," anasema Mhariri. "Na tanbihi imeshapitishwa. Kicheko kikitoka kwenye hadithi, inakaa ukurasa wa kwanza, na jina lako kwa herufi nene."

Niliona aibu, sifichi. Lakini miaka mitatu!

"Kitoke," nikasema.

Kikamtoka mama mdomoni, kikajikunja vizuri, kikaenda kukaa kwenye trei ya miswada iliyokataliwa. Mama hakunilaumu. Aliniwekea andazi mkononi.

Niliamka, nikakimbilia jikoni. Mama alikuwa anakanda unga. Juu ya nyusi zake palikuwa na namba moja, ndogo, ya wino wa bluu.

Nikamsimulia haraka kile kisa cha mchungaji aliyekimbizwa na mbuzi wa sadaka, ambacho siku zote humwangusha kitini. Alikisikiliza mpaka mwisho.

"Maskini," akasema. "Mchungaji wa watu aliteseka sana."