Mwanasesere Mwenye Kofia ya Manjano

Geralyn Nowicki ndiye aliyelifunika lile sanduku la kukusanyia wanasesere kwa karatasi nyeupe na kuliweka mlangoni mwa ukumbi wa parokia, mahali watu wanapopita kwenda kunywa kahawa na kula donati baada ya Misa. Kampuni iliyotengeneza wale wanasesere wa bei mbaya, ambao wasichana wengi wa parokia walikuwa nao, ilikuwa imekichangia chama kinachotetea haki ya kutoa mimba. Kina mama wa kikundi cha kutetea uhai wakaamua kuisusia. Geralyn, mwenyekiti wao, alitaka zaidi ya hapo: wanasesere warudishwe kwa kampuni kabla ya Krismasi, wote kwa pamoja.

Alikuwa na sababu yake, na kila mtu aliijua. Majira ya baridi yaliyopita alijifungua mtoto aliyekwisha kufa. Walimpa jina la Ruth, wakamzika katika makaburi ya nyuma ya kanisa.

Jumamosi alimwambia binti yake Josie, aliyekuwa darasa la pili, alete mwanasesere wake. Alijiandaa kwa kilio. Josie alimleta kimya, amemvika kofia ya sufu ya manjano. Geralyn aliifuma mwenyewe kofia ile, na alidhani imo kabatini pamoja na nguo nyingine za Ruth.

"Usimvue kofia, Mama," Josie alisema. "Njiani kutakuwa na baridi."

"Nani kakupa hiyo?"

"Niliichukua. Nilitaka na mimi niwe dada wa mtu."



Asubuhi yake aliwahi ukumbini kabla ya Misa, akasimama mbele ya sanduku na mwanasesere mkononi. Mkono ulikataa kumwachia. Padri Dombrowski alimkuta hapo. Geralyn alimweleza yote, akingoja ama kuonywa ama kuhurumiwa. Padri aliinama kumtazama mwanasesere.

"Huyu nilimnyunyizia maji ya baraka Oktoba," alisema. "Alikaa kati ya kobe na yule sungura wa kina Schmitt."

Ndivyo ilivyokuwa kila sikukuu ya Mtakatifu Fransisko. Watu walileta wanyama wao wabarikiwe, na watoto wasio na mbwa wala paka walileta wanasesere. Kikundi kizima kilikuwa kimesahau. Na kitu kilichobarikiwa, kila mmoja wao alifundishwa tangu utotoni, hakirudishwi dukani kama kiatu kinachobana. Hutunzwa, au huzikwa mahali safi.

"Kuzika nimeshazika, Padri," Geralyn alisema.

Baada ya Misa, Peg Hanrahan, ambaye ulimi wake uliogopwa parokia nzima, alifika na mwanasesere wa binti yake kwapani. Akamwona Josie amempakata wake.

"Kumbe sheria ni zetu sisi wanachama tu, Mwenyekiti?"

Geralyn angeweza kuanza na habari ya Oktoba, na angeeleweka.

"Nimeshindwa, Peg. Kavaa kofia ya Ruth." Kisha akaongeza, "Halafu amebarikiwa. Hata huyo wako, siku ile alikuwepo."

Peg aliinamisha macho kwenye donati yake.

"Ungesema mapema, mwenzangu," alisema kwa sauti ya chini. "Nyumbani kwangu hakuna anayesema nami tangu nilipomchukua huyu Alhamisi."

Mama mmoja akakumbuka kwamba wa kwake naye alinyunyiziwa. Mwingine akasogea sandukuni, akainama, akamtoa wa kwake, na wengine wakafuata.

Kususia hawakuacha. Waliiandikia kampuni kwamba hawatanunua tena, na Geralyn alitia sahihi wa kwanza. Lakini sanduku lilibaki tupu pale mlangoni, na Jumapili iliyofuata alikuja na mfuko kutoka kabatini. Alizipanga nguo za Ruth ndani ya sanduku moja baada ya nyingine, kwa ajili ya nyumba inayopokea wajawazito wasio na pa kukaa.

Kofia peke yake haikuwemo.