Vyuma vya Pindo

Fundi wa mapazia alikuwa na kawaida ya kushona vipande vidogo vya chuma ndani ya pindo, ili pazia lining'inie wima lisipeperushwe ovyo. Siku dada yake alipoanza kuinuka kitandani bila kujisukuma, akielea hewani, hakuhangaika kutafuta njia nyingine. Alichukua gauni lake la bluu, akafumua pindo, akashona vyuma, akamvika.

"Basi na mimi nimekuwa pazia," Dada alisema, nyayo zikigusa sakafu.

"Pazia halina maneno mengi hivyo. Kunywa chai."

Saratani ilikuwa imempunguza kidogo kidogo, kuanzia mashavuni, mpaka hewa ikamzidi uzito. Kliniki walipomvua gauni ili apimwe, alipanda hadi darini. Daktari alisimama juu ya kiti, akamsikiliza mapigo ya moyo kisiginoni.

"Dawa zote nilizo nazo zimeshindwa," alisema. "Kuna moja mpya, imo kwenye friji ile. Imejaribiwa kwa watu wachache mno. Huenda ikamsaidia, huenda ikammaliza. Siruhusiwi kuitoa hadi mjadala wa wakubwa kuhusu usalama wake uishe."

"Utaisha lini?" fundi aliuliza.

"Wanaendelea vizuri."

"Juu ya friji kuna vumbi, daktari," Dada alisema kutoka darini.

Daktari alimshukuru, akaagiza kitambaa.

Asubuhi ya kikao cha hadhara cha mjadala huo, ambapo Dada angepewa nafasi ya kusema, fundi alifumua vyuma vyote akaviacha mezani. Aliamini wakubwa wakimwona Dada alivyobaki mwepesi, hawatahitaji hotuba.

"Wajionee wenyewe," alisema.

"Haya, fundi ni wewe, mdogo wangu."

Alimfunga kamba ya pazia mguuni, wakaenda.

Ukumbini Dada alitulia darini, kando ya feni. Mhudumu aliizima, na watu wakaanza kujipepea kwa mikono. Profesa mmoja alisema dawa isiyothibitishwa iliwahi kuua watu ambao wangeishi miezi zaidi. Mmoja wao, alisema, alikuwa mgonjwa wake. Mzee mmoja, baba wa mgonjwa, akasimama.

"Mwanangu anakufa akiwa salama kabisa, Profesa. Mnamkinga na nini?"

Ukumbi ukawapigia makofi wote wawili, sawasawa.

Ndipo mwenyekiti akamwita Dada. Waya wa kipaza sauti ulifika kwenye kiti, ukaishia hapo.

"Kanuni zinataka mzungumzaji awe ameketi," mwenyekiti alisema kwa upole.

Fundi alivuta kamba. Dada akashuka, akakigusa kiti, akainuka tena. Fundi akavikumbuka vyuma alivyoviacha mezani nyumbani.

"Niruhusu nimshike magoti, mheshimiwa."

"Ukimshika, watasema umemlazimisha."

Dada alisema jambo huko juu. Waliokaa mbele waliinua nyuso kwa adabu, lakini hawakusikia.

"Anasema anajua inaweza kumuua," fundi alisema. "Anasema anaitaka."

"Nasikitika, mama. Hilo umelisema wewe."

Kikao kikaahirishwa. Dada alipokwisha kutolewa mlangoni, feni ikawashwa.

Jioni ile fundi alivirudisha vyuma kwenye pindo, akaongeza na vya mapazia ya wateja. Vikapanda pamoja na Dada. Hakuwa na la kufanya ila kumtoa nje, ambako hakukuwa na dari ya kumbana kichwa, na kuifunga kamba kwenye nondo ya dirisha. Majirani nao walikuwa na kamba zao. Ukisimama mtaani uliziona zikipanda kutoka madirishani, nyingine mpya, nyingine zimepauka kwa jua.

Mjadala uliendelea redioni, na fundi aliusikiliza akishona. Siku moja gari la manispaa lilipita likitangaza kwamba wananchi wafupishe kamba, zisiguse nyaya za umeme. Alisimamisha cherehani, akaenda dirishani.

"Dada, nakushusha kidogo."

Akavuta. Kamba ilikuja kwa urahisi, na mwisho wake ulikuwa ndani ya wingu. Haikuwa tena na uzito wa kumwambia kama kuna mtu huko. Alifupisha kwa kadiri ilivyotakiwa, akafunga upya kwa fundo lile lile la mapazia. Redioni profesa alikuwa anamjibu yule baba. Fundi akaongeza sauti kidogo ili isikike mpaka juu, akarudi kwenye cherehani.