Wizi wa Ngazi Nne

Mwenyekiti wa mtaa alitangaza kwamba wizi umezidi, hivyo lango letu lingefungwa mchana kutwa. Mimi ni mshonaji, na wateja wangu wote hupita hapo. Nikaomba daftari la ulinzi, nikalisoma taratibu. Matukio yalikuwa manne, na kila mara iliibwa ngazi ya mbao iliyovunjika kipandio cha tatu.

"Mwenyekiti, hii ni ngazi moja," nilisema. "Majirani wanaichukua uani kwa wenzao bila kuwaambia."

"Basi aliye nayo sasa ndiye mwizi, mama."

Mkewe akaangua kicheko. "Baba watoto, jana ulipanda nini kurekebisha antena?"

Lango liko wazi hadi leo, na ngazi imeandikwa daftarini kuwa mali ya mtaa.