Dereva wa Kanali Waifai

Hakuna aliyemtuma Sabiti. Hilo liwekwe wazi mapema, kwa sababu baadaye alijaribu kuwatupia lawama watu wengi: aliyemuuzia laptopu kule Kahama, kijana mmoja wa kwenye YouTube, hata umeme wa mji wao wa Segese ambao siku ile, kwa bahati mbaya yake, haukukatika. Laptopu ilikuwa inafanya kazi. Ilikuwa nzito, ukiiwasha ulikuwa na muda wa kwenda kuinjika chai na kurudi, na kila ilipowaka ilimkumbusha mwenyewe kwamba Windows yake si halali. Lakini ilifanya kazi.

Sabiti aliuza vipuri vya makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Mikanda, beringi, bolti, nyundo za kusagia, vyote alikuwa navyo. Kwa kuuza vipuri akajiona fundi, na kwa kujiona fundi akajiona mtaalamu wa kila kitu chenye skrubu. Laptopu nayo ina skrubu. Alizihesabu siku aliyoinunua, akaridhika kwamba wataelewana.

Mkewe, Safiya, alikuwa na stashahada ya maendeleo ya jamii iliyolala kabatini tangu kabla ya kuzaliwa binti yao Zuhura, na sasa Zuhura alikuwa bweni, sekondari. Maombi ya kazi aliyokwisha kuandika yangetosha kufungia maandazi ya mji mzima. Safari hii kulikuwa na jibu. Shirika moja la Geita, linalofundisha akina mama wa machimboni kuosha dhahabu bila kushika zebaki kwa mikono mitupu, lilimwita kwenye usaili. Usaili wenyewe ulikuwa wa video, Alhamisi asubuhi, na ilitakiwa kompyuta, maana angewaonyesha somo la picha alilolitayarisha mwenyewe.

"Baba Zuhura," alimwambia mumewe Jumapili, akifunga mkoba kwenda msibani Tinde, "nakuomba kitu kimoja tu. Hiyo kompyuta usiiguse mpaka Alhamisi ipite."

"Niiguse ya nini?" akasema Sabiti.

Akaigusa kabla gari la Safiya halijatoka stendi.

Nia ilikuwa njema. Nia ya Sabiti siku zote ilikuwa njema, na hiyo ndiyo ilikuwa tabu yake. Aliwaza mkewe yuko mbele ya wakubwa, anaeleza habari za zebaki, halafu kwenye kioo linatokea tangazo kwamba kompyuta yao ni ya magendo. Aibu gani hiyo! Na wiki nzima alikuwa akimwangalia yule kijana wa YouTube, aliyesema kwa sauti ya mtu aliyeokoka kwamba upo mfumo uitwao Linux, mwepesi, wa bure, na huria. Neno huria lilimwingia Sabiti kuliko hata neno bure. Alianza kulitumia dukani.

"Huria ndiyo nini?" aliulizwa na Bujiku, mchimbaji wa Mwakitolyo aliyefuata mkanda wa karasha.

"Mfumo usio na mwenyewe. Kila mtu anaruhusiwa kuufungua, kuubadilisha, kuugawa."

"Sasa kitu hakina mwenyewe, kikihalibika unamfuata nani?"

Sabiti alicheka sana. Alimcheka Bujiku mpaka akampunguzia bei ya mkanda.

Jioni ya Jumapili ile Windows ilifutwa, haramu na halali yake. Sabiti alisoma onyo lililouliza kama ana uhakika, akabonyeza ndiyo kwa kidole cha mtu anayekata utepe. Na kweli, mfumo wa kwanza, wenye rangi ya kijani, uliwaka upesi ajabu. Waifai ilishika. Kamera ilionyesha uso wake mwenyewe ukitabasamu. Akaweka wimbo ili asherehekee, na laptopu ikanyamaza kimya. Aliongeza sauti mpaka mwisho, akatoa spika za dukani, akainamisha sikio kwenye kibodi. Bubu.

Hapo angesimama, angetafuta dawa ya sauti peke yake. Lakini mtu wa Segese ameishi na wachimbaji mno. Mchimbaji akisikia dhahabu imeonekana kwingine hatengenezi duara lake, yaani shimo analochimba, analihama. Sabiti akahama. Mfumo wa pili, wa bluu, ulikuwa na sauti tamu kama redio ya harusini, ila kamera ilimwonyesha kichwa chini miguu juu, na waifai ikawa inakuja na kuondoka inavyotaka yenyewe. Alijaribu kuigeuza laptopu juu chini ili kamera imwonyeshe sawa. Ilimwonyesha sawa, lakini sasa ilimbidi aandike kwa mikono iliyoinuliwa kama anayeomba dua. Akahama tena. Mfumo wa tatu, mweusi, ulitoa sauti, ukaonyesha picha iliyosimama wima, na waifai haikuwepo kabisa. Haikuwa mbovu, haikuwa imezimwa. Haikuwepo, kana kwamba haikupata kuzaliwa.

Ndipo alipojifunza kitu ambacho watu huanza nacho. Kila kifaa ndani ya kompyuta kinahitaji programu yake ya kukiendesha, ambayo mafundi huiita dereva, na waliotengeneza kadi ya waifai ya laptopu ile hawakuwahi kuiandikia Linux dereva anayeeleweka. Na dereva mwenyewe lazima apatane na kiini cha mfumo, kinachoitwa kernel. Vifurushi vya Windows vya kurudishia hakuwa navyo. Fundi wa Kahama alimwambia alete laptopu Ijumaa. Kompyuta ya steshenari haina kamera. Mtaka yote hukosa yote, na Sabiti alikuwa ameyataka yote kwa siku mbili mfululizo.

Kwa hiyo Jumatatu mchana alifanya jambo ambalo mpaka leo watu wa Segese humsalimia nalo. Aliingia kwenye kundi la WhatsApp la wafanyabiashara na kuandika tangazo. Simu yake, ambayo nayo ilijiona mtaalamu, haikulijua neno kernel, ikaweka linalofanana nalo. Tangazo likatoka hivi: *Natafuta DEREVA wa WAIFAI haraka sana. Awe anaelewana na kanali mpya. Malipo yapo.*

Kabla ya alasiri mtu mmoja mrefu alibisha hodi, shati limenyooka, leseni mkononi.

"Shikamoo, mzee wangu. Naitwa Marwa. Nimekuja kwa ajili ya Kanali."

"Marahaba. Kanali gani?"

"Kanali Waifai. Tangazo linasema ni mpya na anataka dereva wa kuelewana naye. Mzee, mimi naelewana na mtu yeyote. Nimeendesha tipa la mawe, nimeendesha Fuso la vitunguu, na kule Tarime nilimwendesha mkuu mmoja mstaafu mwaka mzima, hatukuwahi kugombana. Ila yeye alikuwa hapendi redio. Huyu anapenda redio?"

Sabiti alifungua mdomo amweleze ukweli, akagundua ukweli wenyewe unachekesha kuliko uongo. Kumwambia mtu aliyenyoosha shati kwamba dereva anayetafutwa ni wa kitu kisichoonekana! Akashindwa. Akasema karibu ndani, karibu chai. Marwa akakaa, akanywa chai kwa adabu, akimsubiri Kanali. Sabiti naye akakaa, na baada ya muda, kwa namna asiyoweza kuieleza, akajikuta anamsubiri pia.

Aliyeingia ni Safiya, na mkoba wake wa msibani.

"Karibu, mgeni," akasema.

"Asante, mama. Shikamoo. Namsubiri Kanali."

Safiya alimtazama Marwa. Akamtazama mumewe. Kisha akaitazama laptopu, iliyokuwa mezani na kioo cheusi kisicho na chochote alichokifahamu.

"Umeigusa," akasema.

Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Hakupiga. Alikaa kwenye kiti na mtandio wake wa safari, akalia taratibu, kwa mikono miwili usoni, na Sabiti akasimama pale akiwa na birika, hajui amimine chai au aliweke chini. Alijichukia. Mtu mzima, mwenye duka, mwenye ndevu za mvi, ameshindwa kuacha kitu kikae mahali kilipo.

Marwa aliinuka polepole. "Basi Kanali akifika mtanipigia," akasema kwa sauti ya msibani, akaenda zake.

Safiya akafuta macho. "Nieleze. Usinifundishe. Nieleze tu."

Sabiti akaeleza. Wa kijani ni bubu. Wa bluu unamgeuza mtu kichwa chini. Mweusi hauoni mtandao. Aliposema neno kernel, Safiya aliinua kiganja, naye akaliruka.

"Somo langu la picha lipo?"

"Lipo kwenye flashi."

"Haya. Katika hivyo vilema vitatu, kipi kinachoweza kusaidiwa kwa mkono wa mtu?"

Sabiti aliwaza. Sauti huwezi kuiletea kwa mkono. Picha ya kichwa chini, labda Safiya aning'inie darini. Lakini mtandao, mtandao uliweza kutoka kwenye simu na kuingia kwenye laptopu kwa waya wa kuchajia, bila kumwuliza dereva yeyote wa waifai. Hilo alilisoma mahali, akalipuuza kwa sababu lilikuwa rahisi.

"Basi huo mweusi," akasema Safiya. "Na usihame tena."

Ndivyo mfumo ulivyochaguliwa katika nyumba ile. Wenzao huuchagua kwa uzuri au kwa sifa. Wao waliuchagua kwa kilema chake.

Waya ulifanya kazi, isipokuwa tundu la laptopu lilikuwa limelegea. Ukiusukuma juu kidogo, mtandao upo. Ukiuachia, hakuna. Sabiti alijaribu kijiti, akajaribu karatasi iliyokunjwa, akajaribu gundi ya mikanda ya karasha ambayo nusura igeuze laptopu na meza kuwa kitu kimoja. Tundu lilikataa kila kitu ila dole gumba lake la kulia.

Alhamisi asubuhi, basi, Safiya alikaa mezani na mtandio wa rangi ya zambarau, mgongo wima. Kitambaa cha meza kilishuka mpaka sakafuni. Nyuma ya kitambaa hicho alikuwepo Sabiti, amepiga magoti, kichwa kimegusa ubao, mkono mmoja umepenya pembeni ya meza mahali ambapo kamera haifiki, dole gumba likisukuma waya juu. Ameambiwa asikohoe.

Picha ilitokea. Sauti zikasikika, za watu watatu. Mkubwa wao alijitambulisha kuwa Bi Paskalia. Safiya alionyesha somo lake, na Sabiti, ambaye hakuwahi kumsikia mkewe akifundisha, alishangaa. Safiya alieleza zebaki inavyoingia kwenye ngozi, inavyofika kwenye maziwa ya mama, kwa maneno ambayo hata Bujiku angeyaelewa. Sabiti alitamani kupiga makofi. Akakumbuka dole.

"Vizuri sana," akasema Bi Paskalia. "Sasa, machimboni utakutana na watu wabishi, wasiosikia ushauri. Tupe mfano wa mtu wa namna hiyo uliyewahi kufanya naye kazi."

Safiya aliurekebisha mtandio wake. Atamtaja shemeji yake wa Tinde, aliwaza Sabiti. Yule kweli ni mbishi.

"Yupo mzee mmoja mtaani kwetu," akaanza Safiya. "Ni mtu mwema. Ukimwambia usiguse, ataigusa ili akusaidie."

Wakacheka kule Geita.

"Kuna kitu changu cha muhimu nilimwomba akiache. Nilipogeuka tu, akakifumua. Kilipomshinda, badala ya kuniambia, akautangazia mji mzima shida yake kwa maneno yasiyoeleweka, mpaka watu wakaja nyumbani kumsubiri afisa wa jeshi ambaye hayupo."

Kicheko kikazidi. Chini ya meza uso wa Sabiti ulikuwa unawaka. Alitaka kusema kwamba nia ilikuwa njema. Alitaka kusema kwamba kosa la kanali ni la simu. Uchungu ukamshika, mkono ukalegea.

"Safiya? Umekatika," ilisema sauti.

Sabiti akausukuma waya juu haraka.

"Nipo," akasema Safiya, na mguu wake ukamkanyaga mumewe begani, si kwa nguvu sana. "Samahani, mtandao."

"Tulitaka kujua, ulimfanyaje mtu huyo?"

"Kusema kweli nilitamani kumfukuza. Lakini mtu wa hivyo ukimfukuza anakwenda kumsaidia jirani. Kwa hiyo nikamtafutia kazi isiyotaka ujuzi wake, inayotaka uvumilivu wake tu, kwa sababu anao, ila hajui. Nikampa kitu kimoja. Nikamwambia shika, usiachie, usitengeneze."

"Akaweza?"

"Mpaka sasa ninavyozungumza nanyi, hajaachia."

Dole lilikuwa limekufa ganzi zamani, na machozi yalikuwa yanaingia ndevuni, nusu ya aibu, nusu ya kitu ambacho Sabiti aliona haya kukitaja hata akiwa peke yake gizani chini ya meza. Alisukuma waya kwa nguvu zaidi.

"Swali la mwisho," akasema Bi Paskalia, akicheka bado. "Mtu kama huyo, ungependa kuendelea kufanya naye kazi?"

Sabiti akashusha pumzi zake zikawa ndogo kabisa, akasubiri, na hofu yake ikawa kubwa kuliko ya mwenye usaili.

"Ningependa," akasema Safiya. "Ila nawaombeni, asije akasikia kwamba nimesema hivyo."

Chini ya meza, Sabiti akatulia kama mtu ambaye hajasikia.