Swali Lililorukwa

Muriel Stansfield alishazoea kuonekana mwehu. Alipita shamba hadi shamba katika mabonde ya Yorkshire akiwauliza wazee mambo ambayo hata mtoto anayajua: ndoo hii mnaiitaje, kwato hili je? Chuo kilimtuma kuokota maneno ya kale kabla wenyewe hawajaondoka nayo. Kanuni ilikuwa ngumu: usimtajie mtu neno. Eleza, kisha nyamaza, litoke kinywani mwake.

Kwa mzee Amos Raistrick, mkewe Tamar alimpokea langoni, akamshika mkono.

"Binti, muulize yote unayotaka, ila swali la baridi liache. Kijana wetu Ellis alifia kwenye theluji, ule mwaka mbaya baada ya vita. Tangu tumzike, Amos hajamtaja hata jina."

"Nitaliruka, mama."

Kuahidi hivyo kulimuuma, maana neno lenyewe alilipenda kuliko yote. *Starve*: Waingereza wa kale walilitumia kwa kifo chochote kile, na binamu zao Wajerumani wanalo mpaka leo kwa maana hiyo. Watu wa kusini wakalipunguza, likabaki la njaa. Huku kaskazini likabaki la baridi, na mtu akitetemeka mlangoni tu utamsikia akilisema. Lakini neno ni kitu gani mbele ya mama aliyefiwa? Muriel hakuwa na roho ngumu kiasi hicho.

Jikoni, Amos alijibu kwa raha, kiko mkononi, huku Tamar akikanda mkate.

"Seth wa ng'ambo ya mto anajiona profesa siku hizi," alisema mzee. "Eti ulimhoji kutwa nzima. Huyo hata wanawe anawachanganya majina!"

Muriel alicheka. Walipomaliza maneno ya mvua na ukungu, akafunua ukurasa upesi.

"Umeruka moja," Amos alisema.

"Lipi, mzee?"

"Seth kanisimulia yote. Baada ya ukungu kuna la baridi. Yeye umemuuliza, mimi umeniruka. Nani kakutuma uniruke?"

Tamar alisimama na unga wake mikononi.

"Uliza, binti," Amos alisema.

Muriel alimtazama Tamar, Tamar akainamisha kichwa. Ikabidi aulize.

"Mtu yuko nje, upepo unamkata, anatetemeka. Atasema yeye yukoje?"

Amos aliweka kiko mezani. Akalitaja neno polepole, kama walivyolitamka baba zake, na Muriel akaandika. Kanuni ilidai na mfano wa jinsi neno linavyosemwa, lakini hakuthubutu kuuomba. Mzee akautoa mwenyewe.

"'Baba, baridi inaniua. Niingie ndani kidogo?' Ndivyo alivyosema Ellis, kwa neno hilohilo. Nikamwambia kwanza amalize kuwafukua kondoo waliofukiwa na theluji kule kwenye ukuta wa shamba. Mimi nikarudi hapa, nikanywa chai." Alimgeukia Muriel. "Andika. Ndivyo alivyosema."

"Uliniambia alikataa kurudi," Tamar alisema. "Uliniambia ulimbembeleza, akakataa."

"Nilikudanganya."

Tamar alifungua mlango akatoka uani, na unga wake mikononi, hana hata mtandio. Nje barafu ilikuwa haijayeyuka. Amos aliinuka kwa shida, akatungua koti zito la mkewe msumarini, akamfuata.

Muriel aliwaona dirishani, na aibu ya kuwatazama ilimchoma, lakini hakuweza kugeuka. Mzee alisimama nyuma ya mkewe, ameshika koti wazi, bila kumgusa. Tamar hakugeuka. Mabega yake yalitetemeka, na mikono ya Amos nayo ikaanza kutetemeka, ila koti hakulishusha. Wakasimama hivyo muda mrefu sana. Mwishowe Tamar, bila kumtazama, alirudisha mkono mmoja nyuma, akaanza kuutafuta mkono wa koti.